Tawi Lililotangulia Shina

Kijana aliyehitimu chuo cha uuguzi, akapata leseni yake na kuanza kuvaa sare katika wodi za hospitali ya wilaya, hakawii kuulizwa na wenzake, au kujiuliza mwenyewe katikati ya zamu ya usiku, kama atabaki kuwa muuguzi wa maradhi yote na watu wote, au atarudi masomoni kutafuta ubingwa wa fani moja: ukunga, macho, maradhi ya akili, dawa za usingizi, watoto njiti, figo, moyo ama saratani. Suala hilo huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni jipya, lililokuja pamoja na mashine na vyuo vikuu, na aghalabu hupimwa kwa mshahara na cheo tu. Rai yangu ni kwamba umri wake ni mkubwa kuliko hospitali zetu zenyewe, na kwamba mtu asiyejua lilivyoamuliwa hapo kwanza katika nchi za Afrika ya Mashariki, na kwa sababu zipi, hulikabili leo akiwa na nusu ya khabari.

Kabla ya hospitali, kumuuguza mgonjwa katika miji ya pwani hakukuwa kazi ya ujira. Kulikuwa faradhi ya nyumba. Mama, mke, dada, shangazi na somo ndio waliomgeuza mgonjwa ubavu, wakamwosha, wakampikia uji, wakampepea, wakakesha naye kwa zamu, na jirani aliyekuja kumzuru alishika naye kipande cha kazi bila ya kuombwa. Hapana aliyelipwa kwa hayo, wala hapana aliyejidai kuwa fundi wake. Walakini pembeni mwa faradhi hiyo ya wote walikuwapo watu wa fani zao, kila mmoja akijulikana kwa mlango wake na kuitwa kwa haja yake: mkunga aliyegongewa usiku uchungu ulipoanza, mwumishi aliyekuja na chuku zake kuondoa damu, mjuzi wa kuunga mifupa, ngariba wa jando, na waganga wa namna nyingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, ameziandika khabari za uzazi na za maradhi kwa jicho la mtu aliyezaliwa ndani yake, na msomaji wa kurasa hizo humwona mkunga akiwa mtu mwenye hadhi na haki zake. Na waliosoma sira watamkumbuka Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye hema lake lilikuwa katika msikiti wa Mtume huko Madina, na humo Saad bin Muadh akawekwa baada ya kujeruhiwa katika vita vya Khandaq. Naye pia hakumbukwi kwa uuguzi wa jumla, bali kwa majeruhi. Kwa hiyo fani mahsusi zilikuwapo tangu zamani, zikiwa na wenyewe na ujira wake. Kilichokosekana ni kazi ya muuguzi wa mambo yote, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kila mtu.

Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Florence Nightingale, aliyepata sifa katika hospitali ya askari ya Scutari wakati wa vita vya Crimea tangu mwaka 1854, alipofungua chuo chake katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, alikusudia kumlea muuguzi wa jumla, ajuaye yale yanayomhusu mgonjwa awaye yote: hewa safi, maji, nuru, chakula, usafi wa mwili na wa matandiko, utulivu, na jicho lisilopuuza dalili ndogo. Alijaribu pia kufunza wakunga. Mwaka 1862 mafunzo hayo yalianza katika wodi ya wazazi ya hospitali ya King's College, lakini homa ya uzazi iliwaua akina mama humo, na mwaka 1867 yakafungwa. Bibi huyo hakulificha jambo hilo wala hakulisahau. Alikusanya hesabu za vifo vya wazazi wa majumbani na wa hospitalini, na kitabu alichokitoa mwaka 1871 kikaonyesha kwamba mama aliyejifungulia nyumbani alikuwa na salama zaidi kuliko yule aliyeingizwa katika majengo makubwa pamoja na wagonjwa wengine. Sheria za Uingereza nazo zilizitenga kazi hizo mbili: wakunga walipata sheria yao mwaka 1902, na wauguzi wakangoja hadi mwaka 1919. Daftari la wauguzi lilipofunguliwa, lilikuwa na sehemu kuu ya wauguzi wa jumla, na pembeni yake sehemu za nyongeza: za wauguzi wanaume, za maradhi ya akili, za watoto wagonjwa, na za homa za kuambukiza. Yafaa msomaji alishike hilo, kwamba katika daftari la dola iliyotutawala, uanaume wenyewe ulihesabiwa kuwa fani ya pembeni. Maana tutaiona athari yake Dodoma.

Baadhi ya wauguzi wa mwanzo wa Kizungu kufika pwani yetu walikuja kwa ajili ya Wazungu wenzao zaidi kuliko kwa ajili yetu. Frieda von Bülow, ambaye baadaye alijulikana kwa riwaya zake, alifika Unguja mwaka 1887 kwa nia ya kuweka msingi wa uuguzi wa Kijerumani; na mjini Dar es Salaam hospitali ya kando ya bahari, ijulikanayo leo kwa jina la Ocean Road, ilijengwa kwa wagonjwa wa Kizungu. Waafrika na Wahindi walipata hospitali yao kwa ihsani ya tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, na ambaye jina lake limebaki katika jengo mojawapo la wodi za Muhimbili, jirani na Kibasila na Mwaisela. Unguja na bara wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na wauguzi wao, walioishi karibu zaidi na watu. Lakini katika wodi na zahanati zilizowahudumia Waafrika, kwa muda mrefu mtu wa karibu wa mgonjwa alikuwa mwanamume: dresa.

Dresa alistahili kitabu kizima, na ni huzuni kwamba hajakipata. Alianza kwa kufunga vidonda, na jina lake latokana na hiyo kazi. Lakini tangu mwaka 1926, serikali ya Tanganyika, kwa mpango wa mkuu wake wa tiba, Dokta Shircore, ilipowatia madresa katika zahanati za tawala za wenyeji, mtu huyo alijikuta peke yake katika kibanda, akiwa na sanduku la dawa chache, bandeji, chungu cha kuchemshia vyombo na daftari, na mbele yake foleni ya kila kilicho katika mwili wa mwanadamu: donda ndugu la mguu, macho yenye usaha, minyoo, buba, homa, mtoto aliyemeza kitu. Hakuna aliyemwuliza kama angependa ubingwa. Alikuwa wa yote kwa kuwa mwingine hakuwapo. Na hiyo ndiyo namna moja ya muuguzi wa jumla tuliyoijua kwanza, ambayo haikutokana na maarifa mengi yaliyokusanywa bali na uhaba wa watu.

Namna ya pili ilitoka Uganda, na hapo ndipo khabari iliyo kubwa zaidi kwa suala letu. Mwanzoni mwa mwaka 1897 Albert Cook, tabibu wa misheni ya Kianglikana ya CMS, alifika Mengo na wenzake, na miongoni mwao alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye miaka michache baadaye alikuwa mkewe. Hospitali ilianza mwaka huohuo. Kwa zaidi ya miaka 20 wagonjwa wake waliuguzwa na wamisheni wachache, wakisaidiwa na vijana waliojifunza kwa kuona na kutenda, bila ya chuo. Katika miaka hiyo maradhi ya malale yalikuwa yamefagia watu wengi mno kandokando ya ziwa la Nyanza. Watoto walizaliwa wafu au walikufa wachanga, na matabibu wengi waliitaja kaswende kuwa sababu kubwa. Na kwa wamisheni, kwa watawala na kwa wakuu wa Buganda ikaingia khofu moja, kwamba taifa linapungua. Kutokana na khofu hiyo, mwaka 1921, Bibi Katharine Cook alifungua chuo cha wakunga kilichopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Chuo cha wauguzi wa jumla hapo Mengo kilikuja baadaye, mwaka 1931. Miaka kumi mizima, basi, msichana wa Mengo aliweza kuhitimu ubingwa wa kuzalisha ilhali hapo hapakuwa na chuo cha kumfundisha uuguzi ambao ubingwa huo, kwa mantiki ya London, ulipaswa kuota juu yake. Tawi lilitangulia shina.

Yale aliyojifunza msichana huyo yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mikono ya mkunga imebadilika kidogo kuliko kitu kingine chochote cha hospitali. Huweka kiganja juu ya tumbo la mama na kupima kwa vidole urefu wa mji wa mimba kutoka kitovuni, akajua miezi. Kisha kwa viganja viwili, kimoja kila ubavu, hutafuta upande ulio mgumu na laini, ndio mgongo wa mtoto, na upande wenye vijivimbe vinavyotikisika, ndio miguu na mikono. Akishaupata mgongo huchukua kibomba kifupi cha mti, kilichopanuka mdomo mmoja kama pembe, akakisimamisha hapo, akainamisha sikio na kuachia mkono, ili asisikie mkwaruzo wa vidole vyake mwenyewe badala ya moyo wa mtoto. Mkono wake mwingine huwa umeshika mshipa wa mama, ili asije akauhesabu moyo wa mama akidhani ni wa mwana. Hayo hayasomeki kitabuni, hata kama akina Cook waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda ili mwanafunzi asome kwa lugha yake, jambo ambalo vyuo vyetu vingi vya leo, vyenye majengo bora kuliko ya Mengo, havijalifanya.

Kwa watawa wa Kikatoliki tawi hilohilo lilikuwa limefungwa na sheria. Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko kutoka Ayalandi, alifika Nsambya mwaka 1903, akaona akina mama wakifa katika uzazi, naye na masista wake wakiwa wamekatazwa na kanuni za Kanisa kushika kazi ya ukunga. Hakuvunja kanuni, wala hakukaa kitako. Kwa msaada wa daktari mwanamke asiye mtawa, Nsambya nayo ilipata chuo cha kuwafunza wasichana, na Mama Kevin akawa miongoni mwa walioendelea kuisihi Roma, hata mwaka 1936 ruhusa ikatolewa kwa watawa wanawake kusoma na kutenda kazi za tiba pamoja na uzalishaji. Nimelitaja hilo kwa kuwa tunapozungumza habari za kuchagua fani, twasahau kwamba wapo waliongoja zaidi ya miaka 30 ili wapewe tu haki ya kuichagua.

Sasa, wakunga wa Mengo na Nsambya walipohitimu walipelekwa mashambani, katika vituo vya uzazi vilivyotawanyika mbali na barabara. Na huko kila mmoja alipatwa na yaleyale yaliyompata dresa wa Tanganyika. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na mtoto wake wa kwanza mwenye kikohozi. Mume aliyemsindikiza alikuwa na jeraha la panga. Jirani alisikia kuna bibi mwenye dawa, akaleta jino. Mkunga aliyefunzwa fani moja alilazimika kujifunza nyingine zote papo hapo, usiku, bila ya mwalimu. Hivyo upungufu wa wale waliotangulia kubobea ulidhihirika mapema, nao haukuwa upungufu wa akili wala wa bidii. Ulikuwa ni kukosa ile miaka miwili au mitatu ya kuzunguka katika wodi za kila namna, ambako mtu huzoea kuuona ugonjwa kabla haujajitangaza. Naamini kuwa hapo ndipo yalipo mafunzo makubwa ya historia hii kwa kijana wa leo, na sioni sababu ya kuyangojea mwisho ili niyaseme: ubingwa ni wa haki na wa lazima, lakini aufuate mtu aliyekwisha kukaa katika wodi ya jumla kwa muda wa kutosha kuweza kushangaa, kukosea chini ya macho ya mkubwa wake, na kusahihishwa.

Nairobi nako mlango wa kwanza ulikuwa wa uzazi, pale Pumwani, ambako mwaka 1926 ilifunguliwa hospitali ya wazazi kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa Kenya. Tanganyika ilichelewa, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walilelewa na misheni. Kule kusini, daktari wa Kiingereza Leader Stirling, aliyekuja na UMCA mwaka 1935, aliwafunza wasichana uuguzi huko Lulindi katika hospitali ya udongo na nyasi, wakati ambapo wazee wengi waliona ni aibu binti kukesha usiku katika nyumba yenye wanaume wagonjwa. Khofu hiyo ya wazazi haikuwa ya kudharauliwa. Iliondoka si kwa hotuba bali kwa mabweni yenye milango, metroni mkali, na binti aliyerudi likizo akiwa na heshima yake na mshahara wake. 

Kisha ikaja sheria. Mwaka 1952 Tanganyika ilipitisha sheria ya kuwasajili wauguzi na wakunga, na baraza likaundwa la kuisimamia. Mwaka 1956 Princess Margaret alikuja Dar es Salaam akafungua hospitali iliyochukua jina lake, ile ambayo baada ya uhuru tuliiita Muhimbili. Mfumo wa madaraja uliofuata ulikuwa mwana wa ule wa Uingereza, ambako tangu mwaka 1943 palikuwa na muuguzi aliyesajiliwa na, chini yake, muuguzi wa mafunzo mafupi zaidi: kwetu daraja la A na daraja la B. Na hapa ndipo uanaume ulipogeuka kuwa fani. Msichana wa daraja la A, akimaliza miaka yake ya uuguzi wa jumla, aliongeza ukunga. Mvulana aliyesoma naye darasa moja alielekezwa kwenye maradhi ya akili, na mahali pa kwenda palikuwa Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma katika miaka ya 1920. Miaka mingi mambo yalikwenda hivyo, na wengi hawakuona la kuuliza. Kumbe wapo wasichana waliokuwa na subira na ufahamu wa ajabu mbele ya mgonjwa wa akili, na wavulana waliokuwa na mikono ya kuzalisha. Wote wawili walichaguliwa na maumbile yao, si na vipaji vyao. Simlaumu mtu mmoja kwa hilo. Lakini Mirembe nayo yataka kuheshimiwa: ilitupa kizazi cha wauguzi waliojua kukaa na mtu aliyekimbiwa na ndugu zake, wakamnyoa, wakamlisha, wakamsikiliza maneno yasiyo na mpangilio hadi mpangilio ukaonekana, na kwa kuwa matabibu wa akili walikuwa haba mno katika nchi nzima, wauguzi hao ndio waliokuwa tiba yenyewe huko mikoani.

Uhuru ulipindua mizani. Serikali iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 haikuweza kuwaambia wanavijiji wangojee mabingwa; fedha za afya ziligeuzwa kuelekea mashambani, zahanati na vituo vya afya vikajengwa kwa wingi katika miaka ya 1970, na wahudumu wa afya ya mama na mtoto wakafunzwa kwa muda mfupi ili kila zahanati ipate mwanamke wa kupima wajawazito na kuchanja watoto. Mkutano wa afya ya msingi wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliyatangazia mataifa yote fikra ambazo Tanzania ilikuwa imekwisha kuzianza. Katika hali hiyo muuguzi wa jumla alipata heshima aliyostahili tangu siku za dresa, na muuguzi aliyetaka kubobea alionekana nusura kama mtu anayejitenga na wenzake. Kenya nayo, katika miaka ya 1980, iliunganisha uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii katika mafunzo mamoja ya muuguzi aliyesajiliwa, ili mtu mmoja aliyepelekwa Turkana au Tana aweze kuyabeba yote matatu.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya vijiji, majengo mengine yalikuwa yanapanda. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi, na pale wauguzi walianza kufunzwa fani ambazo zahanati haikuzijua, miongoni mwake ile ya dawa za usingizi, ambayo bila yake mkono wa mpasuaji umefungwa. Mtu asiyepata kukaa katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya huenda asijue kwamba mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi saa nane za usiku, mara nyingi kabisa, amelazwa usingizi na kuamshwa salama na muuguzi, ambaye kwa muda wote huo hakuinua macho kutoka kifuani pake. Muhimbili ilianza kutoa shahada ya uuguzi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nairobi ilikuwa imetangulia na stashahada ya juu tangu mwaka 1968. Baadaye tena taasisi za fani moja zilisimama zenyewe: ya mifupa na ya saratani mwaka 1996, ya moyo, yenye jina la Jakaya Kikwete, mwaka 2015. Na asili ya wodi za wagonjwa mahututi, ambazo leo kila kijana hodari anazitamani, ni Copenhagen mwaka 1952, katika mlipuko wa polio, wakati ambapo mamia ya wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono ili watoto wasiojiweza wapumue. Ikafahamika tangu hapo kwamba wapo wagonjwa ambao hawawezi kuachwa na jicho la mjuzi hata kwa dakika chache.

Kwa hiyo tatizo letu leo si kukosa vyuo vya ubingwa. Tatizo ni yanayompata bingwa anaporudi. Muuguzi aliyesomea watoto njiti hurudi hospitalini kwake, akakuta orodha ya zamu imemweka wodi ya wanaume, wodi ambamo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja mzungu wa nne. Aliyesomea macho hupelekwa kliniki ya chanjo kwa kuwa mwenzake amekwenda uzazi. Naye aliyehitimu shahada ya pili hupandishwa cheo, na kila cheo humsogeza hatua moja mbali na kitanda, hadi mikono iliyofunzwa kwa gharama kubwa ikawa inashika kalamu na mihuri. Wakuu wa zamu hawafanyi hivyo kwa ubaya; wana nafasi za kuziba, na usiku haungoji. Lakini hasara yake huwafikia watoto wasiojua kulalamika. Nina uchungu na jambo hili, kwa kuwa nimewafahamu wauguzi waliokopa ili wasome, wakarudi na moyo wa kutumika, na baada ya miaka michache wakaacha hata kutaja walichokisomea.

Yupo, hata hivyo, muuguzi mmoja wa ubingwa ambaye historia yake ilikwenda vingine, naye pia ni wa Uganda: yule awatulizaye wasiotarajiwa kupona. Mwaka 1993 Dokta Anne Merriman alianzisha Kampala huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hasa wa saratani na UKIMWI, kwa morfini ya maji ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake, ikitiwa rangi ili nguvu zake zisije zikachanganywa. Dawa ilikuwa rahisi. Kilichokuwa adimu ni mkono wenye idhini ya kuiandika, maana sheria iliuhifadhi mkono huo kwa madaktari, nao walikuwa wachache na mbali. Wauguzi walifunzwa fani hiyo, wakaonyesha kwamba wanaimudu, na mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake ili muuguzi aliyehitimu mafunzo hayo aruhusiwe kumwandikia mgonjwa morfini. Tazama mpango wa mambo ulivyokuwa: kwanza palikuwa na maumivu yaliyojulikana, mahali palipojulikana, kwa watu waliojulikana, kisha mafunzo, kisha sheria ikampa bingwa uwezo ambao hakuwa nao kabla. Kwa wakunga wa mwaka 1921 haja ilikuwa kubwa vilevile, ila msingi ulikuwa mwembamba. Kwa mabingwa wetu wengi wa sasa msingi ni mpana na vyeti vipo, ila haja haikuandikwa popote wala uwezo haukuongezwa.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza kama abobee, humjibu kwanza kwa kumtaka anitajie wagonjwa, wala si fani: ni watu gani aliowaona katika wodi yake wakiteseka au wakifa kwa kukosa mtu ajuaye jambo fulani, na kama watu hao wapo katika wilaya ambamo yeye yuko tayari kuishi. Akiweza kuwataja, fani yake imekwisha kujulikana, na asisite. Asipoweza, bado wodi ya jumla haijamaliza kumfundisha, wala hakuna aibu kubaki humo. Wapo waliobaki miaka 30, na hospitali nzima ikawaegemea. Na kwa wale waandikao orodha za uhamisho katika halmashauri na wizara, ombi langu ni dogo: pembeni mwa jina la kila muuguzi na namba yake ya leseni, iwekwe safu moja ya fani aliyoisomea, na mtu asihamishwe kutoka fani hiyo bila ya sababu iliyoandikwa na kutiwa saini.